Kompyuta ya stesheni inakwama

SWALI: Shikamoo fundi. Nina stesheni ndogo (duka la vifaa vya kuandikia na kuprinti) hapa Morogoro. Kompyuta yangu ya mezani, Windows 10, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) GB 4, inaganda kila mteja akitaka kuprinti. Jirani anasema ni virusi, nipige Windows upya. Kweli?

JIBU: Marahaba. Usipige Windows, hiyo ni dawa ya fundi mvivu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, kisha bofya neno Memory, utaona nani anakula zaidi. Naweka dau ni Chrome: wateja wanafungua barua pepe, wanaondoka, tabo zinabaki. Zifunge. Halafu, humo humo, ingia Startup, zima programu zinazojiwasha zenyewe.

Ila tusidanganyane, GB 4 ni kidogo. RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski ya kuhifadhia (hard disk), nayo ni polepole mno. Ndipo mshale unapoganda. Ongeza kijiti cha RAM cha GB 4. Kabla ya kununua, chomoa waya wa umeme, toa kilichopo, usome kibandiko chake: RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na si kila muuzaji atakubali ukirudisha.