Damu haingoji maji kujaa

Tangu nistaafu uuguzi, simu yangu imegeuka dirisha la dawa. Mtu anapiga, anatoa salamu ndefu, anaulizia hali ya watoto wangu mmoja mmoja, halafu sauti inashuka: "Sista, kuna shoga yangu..." Nimeshazoea. Simuulizi shoga huyo ni nani. Nauliza anatokwa na damu tangu lini, na ametumia nini.

Nimefanya kazi katika wodi za wanawake, kwanza upande wa Lamu, baadaye Malindi. Wengi niliowaona wakifika pabaya kwa sababu ya mimba iliyotoka hawakufikishwa hapo na matibabu ya hospitali. Walifikishwa na mikono isiyojua kazi, na kuchelewa, na maneno ya uongo waliyoyasema mlangoni kwa kuona haya. Habari ya haramu na halali wapo wenye elimu yake, waulizwe wao. Mimi namwandikia yule ambaye jambo limeshamfika, liwe limetokea lenyewe au limefanywa, na sasa yuko chumbani anabadilisha vitambaa.

Kinachomweka chumbani mara nyingi ni kuogopa polisi. Basi tuanze hapo. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakiruhusu kutoa mimba, isipokuwa mhudumu wa afya aliyefunzwa aone kwamba kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iwe imeruhusu. Kanuni ya Adhabu nayo ina makali yake: hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwenzake mimba, hadi 7 kwa mwanamke mwenyewe, hadi 3 kwa anayetoa dawa au kifaa akijua ni cha kazi hiyo. Lakini kumtibu mtu anayetokwa na damu si kumtoa mimba. Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na hakikuweka sharti la kueleza kwanza ulijiponza vipi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya hapa Malindi iliamua kesi ya msichana wa Kaunti ya Kilifi aliyekamatwa pamoja na tabibu aliyemhudumia baada ya mimba kuharibika, ikasema kukamatwa kule hakukuwa halali. Hukumu ilikatiwa rufaa, na malumbano ya mawakili siyaingii. Ninachojua ni kwamba wodini kazi yetu ilikuwa kuzuia damu.

Sasa, ukifika watakufanya nini? Watu husema "nimekwenda kusafishwa" na kila mmoja ana picha yake kichwani, nyingine za kutisha bure. Kama mimba haijapita wiki 14 na kuna mabaki, hutumika bomba kubwa la plastiki linalovutwa kwa mkono, lenye mrija mbele yake. Wauguzi tunaiita MVA. Unalala chali, unapigwa ganzi pembeni mwa mlango wa kizazi, mrija unapitishwa, mabaki yananyonywa. Ni dakika 5 hadi 10. Inauma, asikudanganye mtu; tumbo linakaza na kukata kuliko hedhi, kisha linaachia. Halafu kuna kazi ambayo mgonjwa haioni. Kilichotoka kinamiminwa kwenye kichujio, kinasuuzwa, kinaangaliwa kwenye mwanga kama kimetimia. Kisipoonekana kitu cha mimba, daktari makini anashtuka, kwa sababu huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Ukisafishwa mahali na hakuna aliyeangalia kilichotoka, uliza kwa nini.

Njia ya zamani ni ya kukwangua kwa chuma. Shirika la Afya Duniani limeshaelekeza kwamba isitumike tena pale ambapo kunyonya kunawezekana, maana chuma kina nafasi kubwa zaidi ya kujeruhi, na mara nyingine huacha makovu ndani yanayogandisha kuta za kizazi, hedhi ikapungua au ikakatika. Bado kuna kliniki zinakwangua. Una haki ya kuuliza watatumia kifaa gani kabla hujapanda kitandani.

Madhara ya kusafishwa na mtu aliyesomea, kwa vifaa safi, yapo lakini ni machache: mabaki kubakia, damu kuzidi, maambukizi, mlango wa kizazi kuchanika, na mara chache sana kizazi kutobolewa. Kadiri mimba inavyokuwa kubwa ndivyo hatari inavyopanda. Mimba iliyopita miezi mitatu si jambo la kliniki ya chumba kimoja nyuma ya duka. Ni la hospitali yenye upasuaji na damu ya kuongeza.

Vidonge navyo. Dawa ni mbili. Mifepristoni hutangulia, hukata mimba isiendelee kushika. Misoprostoli hufuata, hukaza kizazi kisukume nje. Misoprostoli hutumika peke yake pia, na hata mimba ikiwa imetoka yenyewe hospitali huitoa ili kumalizia mabaki. Ni dawa zinazojulikana vizuri duniani. Tatizo ninaloliona huku kwetu ni jinsi zinavyouzwa. Kuna duka moja la dawa, sitalitaja, lilikuwa likivitoa vidonge katika pakiti yake na kuvifunga kwenye kipande cha gazeti ili mteja asijue jina. Misoprostoli haipatani na unyevu, na pwani hii chumvi yenyewe huloa kwenye kopo. Kidonge kimekaa wiki mbili ndani ya gazeti, kimepoteza nguvu, msichana anakimeza, mimba inatoka nusu. Anarudi, anauziwa vingine. Akifika kwetu, damu imetoka siku nyingi, macho meupe.

Na muuzaji huyo hakuuliza mimba ina wiki ngapi. Hakuuliza kama ana kovu la upasuaji wa uzazi. Hakuuliza kama ana maumivu ya upande mmoja. Hili la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mimba iliyotunga kwenye mrija wa uzazi, nje ya kizazi, haitolewi na vidonge hivyo. Mwanamke atatokwa na damu kidogo, ataamini kazi imekwisha, huku mrija unaendelea kutanuka hadi upasuke. Maumivu makali ya upande mmoja wa chini ya tumbo, kizunguzungu, maumivu ya ncha ya bega yasiyo na sababu, kuzimia: hapo hakuna kupumzika kwanza. Ni upasuaji, na ni leo.

Mizizi, majivu, majani ya chai yaliyochemshwa hadi yakawa lami, dawa ya kufulia, vijiti vya muhogo, waya. Nimeviona vyote, au nimeona vilichofanya. Dawa ya kufulia huunguza koo na tumbo, na mimba inaweza kubaki palepale. Kijiti hupeleka uchafu ndani na pepopunda pamoja nao.

Nakumbuka binti aliyeletwa na shangazi yake kutoka visiwa vya juu. Shangazi ndiye aliyekuwa akiongea. Alianguka ngazi, akasema, na ngazi za nyumba za Lamu mnazijua, si vigumu kuamini. Lakini joto lilikuwa juu ya 39, tumbo gumu, na harufu ilijaza chumba kabla hajavuliwa buibui. Tulimwomba shangazi atusaidie kwenda kufungua faili. Mlango ulipofungwa tu, binti akasema, "Ni kijiti, sista." Maneno hayo yalibadilisha kila kitu. Badala ya vidonge vya homa na kungoja asubuhi, akawekewa dripu, antibaiotiki za mshipani, sindano ya pepopunda, na daktari wa upasuaji akaitwa. Kizazi kilikuwa kimetobolewa. Alipona. Na sikumwambia shangazi kitu, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata akiwa mtoto wa kaka yako.

Sijui kwa nini watu huamini kwamba muuguzi anataka kujua ili asimange. Ni kweli wapo wenye ulimi mbaya, nimefanya nao kazi. Ukimkuta mmoja wao, omba mwingine, au mwite daktari. Lakini sema. Tukijua ni vidonge, tunatafuta mabaki. Tukijua ni kijiti, tunatafuta jeraha. Tukijua ni dawa ya kufulia, hatukutapishi, maana kutapika kunaunguza mara ya pili.

Damu kiasi gani ni nyingi? Baada ya mimba kutoka, damu ya siku kadhaa hadi wiki mbili, inayopungua, ni ya kawaida. Ukilowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, na saa ya pili hivyohivyo, ondoka nyumbani. Wanaotumia vipande vya leso wapime kwa kukamua: kikichuruzika, kimeloa. Homa au kutetemeka kwa baridi siku inayofuata au baadaye, uchafu wenye harufu, tumbo linalozidi kuuma badala ya kupoa, moyo kwenda mbio, kuona giza ukisimama: ondoka.

Aliye Malindi mjini anapanda tuktuk, amefika hospitali. Aliye Kizingitini au Siyu anategemea boti, na maji yakitoka kupita mlango wa bahari wa Mkanda ni tabu. Wakati wa kusi nahodha naye anaangalia bahari mara mbili. Ndiyo maana nawaambia watu wa visiwani wasisubiri dalili zote zitimie. Damu ikianza kuzidi alasiri, tafuta boti alasiri, usingoje kuona usiku utalala vipi. Pitia zahanati iliyo karibu kwanza kama ipo njiani, waanzishe dripu na sindano ya kukaza kizazi, kisha endelea hadi Hospitali ya King Fahd kisiwani Lamu. Wakiona wakuhamishie Malindi, kuna kuvuka Mokowe, halafu barabara ya Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200. Chukua jamaa wawili wenye afya wanaoweza kutoa damu. Hili watu husahau, wanakuja na mikoba minne na hakuna wa kutolewa damu.

Kuna maswali huja baadaye, mambo yakitulia. Je, sitazaa tena? Mimba iliyotoka au kutolewa kwa njia salama haizuii uzazi. Kinachozuia ni maambukizi yaliyoachwa yakaziba mirija, na makovu ya kukwangua. Saratani ya matiti? Hapana, hilo limechunguzwa na halikuonekana. Sala na funga? Wanawake wa Lamu huniuliza sana kama damu hiyo ni nifasi, yaani damu ya uzazi, au istihadha, damu ya ugonjwa, na wanashangaa nikiwauliza mimba ilikuwa na muda gani na kama kilichotoka kilikuwa na umbo. Hayo ndiyo ustadhi atakayotaka kuyajua, basi yakumbuke ukaulize.

Lingine wasilouliza: mimba nyingine inaweza kushika mapema, hata kabla ya wiki mbili, hedhi ikiwa haijarudi. Waume wengi hawaamini. Sindano, vipandikizi au vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kuanza siku ileile ya kusafishwa kama hakuna maambukizi, na huna haja ya kurudi kupanga foleni upya. Kukutana kimwili kungoje damu ikauke.

Ikiwa wewe ndiye unayemsindikiza, chukua karatasi uandike kabla hamjatoka: hedhi ya mwisho tarehe ngapi, damu ilianza saa ngapi, ametumia nini na lini, amewahi kupasuliwa, kuna dawa inayomdhuru, kundi la damu kama mnalijua. Kama ana pakiti ya vidonge, hata tupu, itie mfukoni. Akiulizwa, mwache ajibu mwenyewe. Muuguzi akikuomba utoke nje kidogo, toka, na umwachie karatasi.