Jibu: Kwa nini jiji lilipie cheti cha tuta lililosimama miaka yote?

Mkuu, umeuliza kwa nini jiji lenu huko Marekani litenge fedha kuthibitisha matuta ya mto (kuta za udongo za kuzuia mafuriko) ambayo hayajawahi kuvunjika. Swali zuri, lakini hapo jiji halinunui karatasi tu.

FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani la kushughulikia maafa, ndio wanaochora ramani za mafuriko, lakini hawalikagui tuta wenyewe. Mwenye tuta ndiye hupeleka uthibitisho wa mhandisi aliyesajiliwa kwamba linahimili mafuriko yenye uwezekano wa 1% kutokea kila mwaka. Mhandisi hawezi kusaini kwa kutazama tu. Lazima achimbe kupima udongo, akokotoe maji yanavyopenya chini ya tuta, apime kimo (kwa kawaida futi 3 juu ya usawa wa mafuriko hayo), akague pampu na milango ya maji. Gharama iko hapo, na binafsi naona ni halali kabisa. Tuta huozea ndani, kwa nje nyasi zikiwa kijani.

Uthibitisho ukikosekana, mtaa wenu unaweza kuwekwa kwenye eneo la hatari katika ramani hizo, na wenye mikopo ya nyumba ya benki zinazosimamiwa na serikali kuu wakalazimika kukata bima ya mafuriko. Kaunti za Madison, St. Clair na Monroe, Illinois, zilipokabiliwa na hilo, zilianzisha kodi ya mauzo ya robo asilimia ili kuyaimarisha matuta yao.

Nenda kikao cha baraza, uombe ripoti ya mhandisi. Na bima yako usiiache hata cheti kikipatikana: maji yanaweza kuzidi kipimo hicho.