Kila mti na namba yake

Umeuliza kuna faida gani jiji kuupa kila mti namba kwenye ramani, badala ya kuajiri tu watu wa kupogoa matawi. Faida ni kwamba huyo mpogoaji atajua aende wapi. Chukua Melbourne, Australia: miti ya jiji kama 70,000, kila mmoja ni nukta kwenye ramani ambayo yeyote anaifungua mtandaoni. Ukibonyeza nukta unaona aina ya mti na makadirio ya miaka uliyobakiza. Hayo makadirio ndiyo mali yenyewe. Ukame wa zaidi ya miaka kumi ulikuwa umeidhoofisha miti mingi, na ramani ikaonyesha ni mitaa ipi itabaki na jua kali miti hiyo ikifa, jiji likapanda mingine mapema. Mwaka 2012 wakaweka lengo: kivuli cha miti kwenye maeneo ya umma kitoke 22% kifike 40% ifikapo 2040.

Tena kila mti ulipewa baruapepe, ili watu waripoti tawi lililovunjika. Wengi wakaiandikia miti barua za mapenzi! Hilo linanigusa kweli.

Ila ramani ihuishwe kila mti unapoanguka, la sivyo fundi atatumwa kupogoa kisiki.