Usifiche Ufa: Ushauri kwa Anayetengeneza Sanaa kwa Vitu Vilivyotupwa

Kwa miaka kadhaa nilidhani kwamba kazi ya msanii anayetumia vitu vilivyotupwa ni kuvirudishia upya wake. Nilikwangua kutu hadi chuma kikang'aa, nikaziba nyufa za mbao kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kisha nikapaka rangi juu ya kila kitu, na mwishowe kilichosimama mbele yangu kilifanana na bidhaa duni ya dukani. Siku hizi huacha kiungo kionekane. Wajapani wana ufundi uitwao kintsugi, ambapo chombo cha udongo kilichovunjika huunganishwa kwa utomvu wa mti, na mistari ya mvunjiko hunyunyiziwa unga wa dhahabu, ili macho yaelekee palepale ambapo fundi mwingine angepaficha.

Ukiokota chombo cha udongo kilichovunjika, usikimbilie gundi. Niliwahi kuunganisha bakuli la vipande tisa kwa pupa, nikafika kwenye kigae cha mwisho, kikakataa katakata kuingia. Sababu ni kwamba gundi huongeza unene kidogo katika kila kiungo, na makosa hayo madogo hujumlika, sembuse vile vigae vilivyopinda ambavyo haviingii kabisa vigae vya jirani vikishakaa mahali pake. Kwa hiyo vipange kwanza vikiwa vikavu, ukivishika kwa mkanda wa karatasi, uvipe namba kwa penseli upande wa ndani, na uanzie kitakoni kuelekea ukingoni.

Kwa chuma na bati, mimi siiamini gundi peke yake, kwani uso laini hauipi mahali pa kushika. Toboa, kisha funga kwa waya, ribiti au skrubu. El Anatsui, msanii aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi miaka mingi nchini Nigeria, hushikanisha maelfu ya vipande vya vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, na kazi zake hujikunja ukutani mithili ya kitambaa. Vingegandishwa kwa gundi, vingekakamaa.

Kutu nayo haihitaji kuondolewa yote. Loweka kipande katika siki usiku mmoja, sugua ile inayobanduka tu, suuza, kausha papo hapo, kisha paka nta, la sivyo kutu mpya itaanza kabla hujageuka.

Jizuie pia kukusanya. (Hili nalisema nikiwa na ndoo mbili za bawaba ambazo sijazigusa.) Mwaka 1942 Picasso, msanii Mhispania, alitengeneza kichwa cha fahali kwa tandiko na usukani wa baiskeli pekee, na vitu hivyo viwili vilimtosha.

Jambo ambalo sitanii nalo ni hewa unayovuta. Bati lililopakwa zinki likichomelewa au kuunguzwa hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka, na rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi usiyoijua usiichome wala usiipige msasa mkavu. Lowesha msasa, vaa kinyago cha kuchuja vumbi laini, na ukusanye tope lake kwa karatasi badala ya kulifagia likishakauka.