Kwa nini otho-toluidini ni besi dhaifu kuliko anilini?

Ndugu, hoja yako kwamba metili (kundi la CH₃) husukuma elektroni kuelekea nitrojeni na hivyo kuimarisha besi ni sahihi, na para-toluidini (anilini, yaani pete ya benzini yenye NH₂, iliyoongezwa metili upande wa pili wa pete) inaithibitisha: pKa ya asidi yake kiambatani (besi ikishapokea protoni; pKa kubwa, besi imara) ni kama 5.1, dhidi ya 4.6 ya anilini. Ila otho-toluidini, yenye metili jirani kabisa na NH₂, hushuka hadi 4.4 hivi. Hapo acha kuangalia elektroni, angalia nafasi. Nitrojeni ikipokea protoni, kundi la NH₃⁺ hubanana na metili ya jirani, na molekuli za maji zinazotuliza chaji hiyo hukosa pa kusogea. Ioni isiyotulia huachia protoni kwa urahisi.

Sasa sehemu ninayoipenda. Chukua N,N-dimetilanilini (anilini ambayo haidrojeni mbili za nitrojeni zimebadilishwa kwa metili, yaani NMe₂), yenye pKa ya 5.1 hivi, kisha weka metili kwenye otho. Ubesi unapanda, hadi karibu 6! Msongamano umelipinda kundi la NMe₂ likatoka kwenye bapa la pete, hivyo jozi huru ya elektroni za nitrojeni haishirikiwi tena vizuri na pete. Inabaki kwa nitrojeni, tayari kushika protoni.

Kwenye mtihani, kabla ya kusema “athari ya otho”, tazama kwanza nitrojeni imebeba haidrojeni au alkili (makundi kama metili).