Jina pekee halitoshi kumtambua babu

Wengi wanaoanza kumtafuta babu wa mababu kwenye vitabu vya parokia hapa Nairobi huja na jina moja tu, na wakilikuta kitabuni hufunga kazi kwa furaha. Ndugu zangu, msifanye hivyo. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Ndugu watatu wakipata kila mmoja kifungua mimba wa kiume, tayari kuna binamu watatu wa jina moja, na huenda wote walibatizwa kanisa moja. Jina ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote.

Anza na wazee. Usiwaulize mwaka. Waulize babu alitahiriwa na rika gani, na kama alizaliwa kabla ya Ng'aragu ya Ruraya, ile njaa kubwa ya 1898 hadi 1900. Halafu zungumza mapema na katibu wa parokia, ueleze unamtafuta nani na kwa nini. Misheni ya Mtakatifu Austin, hapa Nairobi, ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1899, kwa hiyo ukisikia babu alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa kabla ya hapo, mtafute pwani.

Vitabu vya zamani vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini. Filius ni mwana, filia ni binti, patrinus ni msimamizi wa ubatizo. Ukiona circiter karibu na umri, padre alikisia. Tarehe nazo zina mtego: 7bris ni Septemba wala si Julai, na 8bris ni Oktoba, kwa kuwa saba kwa Kilatini ni septem na nane ni octo. Mtu huweza kupoteza ukoo mzima kwa miezi miwili hiyo.

Ila macho yako yakae zaidi pembezoni mwa ukurasa. Tangu 1908 Kanisa liliagiza ndoa ya mtu iandikwe pia kwenye kitabu alichobatiziwa. Ukikuta pale, kwa wino tofauti na mwandiko mwembamba uliobanwa, jina la bibi yako, umempata mzee wako. Pakiwa patupu usikate tamaa, maana si kila padre aliyepelekewa taarifa. Mfuate msimamizi: aghalabu ni katekista au mtu wa karibu, na wazee wa ukoo huenda wakamkumbuka.

Wakibaki wawili usioweza kuwatenganisha, waandike wote kwa penseli, kila mmoja na ukurasa wake, na umwambie shangazi hivyo hivyo hata akisisitiza umchague mmoja.