Ghala, stoku na njia za lori: maswali yenu

Tuna maghala manne. Mkurugenzi anataka tubaki na moja ili stoku ipungue. Itapungua kweli?

Itapungua, ila si yote. Inayopungua hasa ni akiba ya tahadhari, ile mnayoiweka kwa siku ambayo oda zitazidi matarajio. Tuseme kila ghala lina katoni 100 za akiba hiyo, jumla 400. Mkiunganisha, na ikiwa mahitaji ya maeneo yote manne yanayumba kwa kiasi kinacholingana, kila eneo kivyake, mtahitaji mzizi wa pili wa 4 mara 100: katoni 200. Huku oda zikizidi, kule zinapungua, basi zinafidiana. Lakini mauzo yakipanda kila mahali siku zilezile, nafuu hiyo huyeyuka. Na kabla hamjashangilia, muulizeni mtu wa usafirishaji malori yatatembea kilomita ngapi zaidi. Mnachookoa stoo kinaweza kuishia kwenye tangi la dizeli.

Nilichagua mahali pa ghala kwa kujumlisha umbali wa kwenda na kurudi kwa kila mteja. Kuna ubaya?

Upo, kama lori lako moja hubeba oda za wateja kadhaa. Chukua wateja watatu kwenye barabara moja, kilomita 40, 42 na 45 kutoka ghalani. Kwa hesabu yako ni kilomita 254. Lori likiwapitia wote kwa safari moja ni 90! Ndiyo maana wateja wa mbali waliokaa pamoja wanaweza kukugharimu kidogo kuliko wa karibu waliotawanyika. Watafiti Salhi na Rand walilionyesha hili mwaka 1989: ukichagua maghala bila kuangalia njia, unaweza kuangukia mpango wa gharama kubwa. Kama kila mteja anachukua lori zima, hesabu yako iko sawa, iache.

Kwa nini programu isitupe jibu bora kabisa la yote matatu, ghala, stoku na njia, kwa mpigo?

Vituo 15 tu vya lori moja vinaweza kupangwa kwa namna zaidi ya trilioni 1.3, na hapo hujagusa stoku wala maghala. Kwa hiyo programu nyingi huanza na mpango wowote unaofaa, huhamisha mteja, hufunga ghala, hupima tena, mpaka nafuu iishe.

Nipeleke mzigo mara moja au mbili kwa wiki?

Mara moja hupunguza safari, lakini shehena ya kila safari huongezeka maradufu, na mteja lazima awe na pa kuiweka. Mimi ningeomba ruhusa ya kuangalia stoku yake mwenyewe, nimjazie siku lori linapopita jirani, hata kama hajaagiza.

Tuanze na uamuzi upi?

Ghala, kwa sababu mkataba wake hukufunga kwa miaka, ilhali njia unaweza kuzibadilisha kesho asubuhi. Ila usisaini bado. Chukua oda halisi za wiki moja yenye pilikapilika na moja tulivu, kisha panga njia za malori kutoka kila eneo unalolifikiria.